Kichwa cha Président, Miguu ya Korongo

Kufikia umri wa miaka thelathini na moja, Kamikazi alikuwa ameshafukuzwa kwenye mambo manne, na karibu mara zote mchongezi alikuwa mmoja: mchoro.

Baba yake, mzee Ildephonse, ofisa mstaafu wa wilaya, alirudi Gisenyi kutoka Goma na familia yake, magodoro matatu na masanduku mawili ya vyeti. Kwa imani yake, binadamu kamili ni yule mwenye meza, kiti na kashe, yaani mhuri wa ofisi. Kwa hiyo alimpeleka binti yake shule ya uuguzi. Mwaka wa kwanza Kamikazi alichora ini na figo kwa ufundi hata mwalimu mwenyewe akauchomoa ule mchoro kwenye daftari akaubandika ukutani. Mwaka wa pili wakamwonyesha damu ya kweli. Alianguka chini kama gunia, na mgonjwa ndiye aliyeshuka kitandani kumpepea.

Akatafutiwa kazi ya kupokea wageni katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Alidumu miezi mitano, hadi mgeni mmoja wa heshima alipofungua daftari la wageni atie sahihi, akajikuta humo ndani, amevaa kaptula ya kuogelea, kila mkunjo wa tumbo umewekwa mahali pake. Mgeni alicheka. Meneja hakucheka.

Akapanda kwenda mji mdogo wa Mahoko, akawa anachora vibao vya saluni sokoni. Hapo mambo yalikwenda vizuri kwa muda, ila Kamikazi hakuweza kuchora kichwa cha mtu asiyekuwepo. Kila kichwa alichokiweka kwenye mlango wa kinyozi kilikuwa cha mtu anayefahamika. Wateja wakawa wanauliza muuza viazi wa mstari wa pili amefanya nini hata anatangazwa. Mwisho akaingia kwenye kadi za harusi, akichora kwa simu. Mama mmoja wa bibi harusi aliomba awekwe na yeye kwenye kadi. Akawekwa. Alijiona jinsi alivyo, jambo ambalo hakuliomba.

Kwa hiyo mtu asije akasema Kamikazi hakujaribu. Alijaribu, mtaa mzima ukamshuhudia, na mtaa mzima ulikuwa na maoni.

"Huyu mutoto iko na mikono muzuri sana," alisema Mukakalisa, jirani yao, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwani, ambaye sauti yake huvuka mpaka wa Goma kila siku bila kuonyesha kitambulisho. "Shida iko kwa macho. Anaona kupita kiasi. Mwanamuke anapaswa kuona kidogo, anaacha ingine."

Kumbe macho hayo yalikuwa na safari yao. Kwa miaka miwili Kamikazi alikuwa akituma michoro kwa siri kwenye nyumba moja ya kuchapisha vitabu vya watoto kule Kigali. Mwenye nyumba hiyo aliitwa Connie, mwanamke aliyekulia Uganda, mwenye Kiswahili cha kuazima na haraka ya kuzaliwa nayo. Alijibu mara tatu. Jibu la tatu lilisema hivi: "Unachora safi, lakini michoro yako ina adabu mno. Haishtui mtu. Nitakuwa Gisenyi Jumamosi ile wanafungua ziwa. Nionyeshe kitu kikubwa umefanya mbele ya watu. Nina kiti kimoja cha mchoraji, na nimechoka kuangalia mafaili."

Kamikazi aliisoma barua hiyo mara nyingi hata akaijua kama sala. Adabu mno! Yeye aliyefukuzwa hotelini kwa kukosa adabu, leo anaambiwa anayo kupita kiasi. Ni kweli lakini. Michoro ya kutuma Kigali aliichora amekaza mgongo: mtoto anatabasamu, mbuzi anatabasamu, jua nalo linatabasamu.

Wakati huohuo mzee Ildephonse naye hakuwa amelala. Rafiki yake mmoja alikuwa na ofisi karibu na kituo cha mpakani cha Petite Barrière, ya kuwajazia fomu wafanyabiashara wanaovusha mizigo kwenda Goma. Alikubali kumpokea Kamikazi.

"Jumatatu, saa mbili kamili," mzee alitangaza mezani, kama anayesoma uteuzi redioni. "Iko meza. Iko kiti. Iko na kashe."

"Jumatatu gani, Papa?"

"Ile inafuata kufunguliwa ya ziwa. Na safari hii, mwanangu, ukichora mutu kwa fomu, mi nahamia Goma peke yangu."

Basi mambo yalikuwa wazi. Jumamosi kwa Connie, Jumatatu kwenye fomu. Na Kamikazi hakuwa na kitu chochote kikubwa cha kuonyesha mbele ya watu, ukiacha aibu zake.

Hapo ndipo alipotokea Bizumuremyi, mwenyekiti wa ushirika wa wavuvi, ambaye kila mtu alimwita Président, na asiyemwita hivyo hakuitikiwa. Ziwa hufungwa miezi miwili kila mwaka ili samaki wazaane kwa faragha. Mitumbwi huvutwa ufukweni, inazibwa, inapigwa rangi. Siku ya kufungua huwa na viti vya plastiki, hotuba na viongozi. Mwaka huo Président alitaka watu waikumbuke siku hiyo.

"Kamikazi, mwanangu, nasikia unachora," alisema, akiwa amesimama katikati ya ua wao kama amekuja kuoa. "Bon. Mitumbwi yetu iko tisa. Mbele ya kila moja fundi atagongea ubao mukubwa. Ushaona vile wanafunga tatu-tatu?"

Nani Gisenyi hajaona? Wavuvi wa hapa hawavui kwa mtumbwi mmoja. Hufunga mitatu bega kwa bega kwa miti mirefu, nafasi katikati, wavu chini, wakaondoka wakiimba. Ukisimama ufukweni unaona pua tatu zinakujia kwa mstari.

"Donc, kundi ya kwanza, unaweka samaki. Kichwa kwa ubao ya kushoto, tumbo katikati, mukia kuume. Kundi ya pili, korongo anaruka, vilevile. Kundi ya tatu..." Président alikohoa kwa unyenyekevu. "Kundi ya tatu, membres wameomba niweke mimi."

"Membres gani, Président?"

"Membres."

"Lakini ubao tatu ni refu kwenda pembeni. Utasimamaje?"

"Nitalala. Lakini si kama mugonjwa. Nilale kama mutu amefaulu. Na kostime, suti kamili."

Kamikazi aliuliza swali moja la maana, tumpe haki yake: mtumbwi gani unakwenda na upi? Président akatoa karatasi, akaandika kwa mwandiko wa kiofisi: namba moja, mbili na tatu pamoja; nne, tano na sita; saba, nane na tisa. Akatia sahihi. Akatia na kashe. Karatasi ilikuwa nzuri kwelikweli. Ila tu Président hakuwahi kupanda mtumbwi hata siku moja. Maji yakisogea, chakula chake nacho husogea. Zile namba alizikuta kwenye daftari la usajili la miaka mitano nyuma.

Na Kamikazi, aliyekula sambaza maisha yake yote na kuzisikia nyimbo za wavuvi kila jioni ya Mungu, hakuwahi kushuka ufukweni kumuuliza mvuvi chochote. Watu wa mjini tuko hivyo. Samaki anatoka kwenye karai la Mukakalisa.

Wiki tano ua uligeuka karakana. Mbao tisa, kila moja upana wa mikono iliyonyooshwa. Kamikazi alijiwekea sheria moja, na aliishika kama amri ya Musa: mstari wa mgongo na mstari wa tumbo lazima itoke kwenye ubao kwa urefu uleule, ili jicho livuke maji kati ya mtumbwi na mtumbwi bila kujikwaa. Alipima kwa kamba na misumari miwili. Samaki, korongo na Président, wote mgongo mmoja, tumbo moja. Alipiga magoti mpaka yakaota sugu. Safari hii hakukaza mgongo. Aliweka magamba yote ya samaki, manyoya yote ya taji la korongo, na vifungo vyote vya Président, pamoja na kile cha tatu kinachopigania maisha yake.

Mzee Ildephonse alikuwa akipita juu ya mbao hizo asubuhi kwenda kuchukua gazeti.

"Huyu mutu ya kulala ni nani?"

"Ni Président, Papa."

"Alikufa?"

"Amefaulu."

Mzee akaangalia tena. "Jumatatu," akasema, akaenda zake.

Jumamosi ikafika na jua lake. Ufukwe ulijaa hadi barabarani. Viongozi walikaa kwenye hema, wananchi walikaa juu ya wananchi. Mukakalisa alikuja na karai tupu na kisu chake, awe wa kwanza ziwa likianza kutoa. Mzee Ildephonse alivaa koti, akaja kuuaga ujinga wa binti yake kwa heshima zote. Na Connie akafika kweli, miwani ya jua usoni, simu mkononi, akaketi karibu na mzee bila kujua ni nani.

"So, ni wapi hiyo kazi yako?" alimuuliza Kamikazi.

"Inakuja. Itatokea pale kwenye kona."

Kamikazi hakuwa amekula tangu jana. Mbao aliziona mara ya mwisho siku ya Alhamisi, fundi akizigongomea kwa kufuata karatasi, ubao wa kwanza kwenye namba moja, wa pili kwenye namba mbili, bila kosa hata la msumari. Alikuwa na karatasi yenyewe ndani ya mkoba, ameikunja vizuri, aionyeshe kwa Connie kama ushahidi kwamba hii ni kazi rasmi, si uchizi.

Nyimbo zilisikika kwanza. Kisha kundi la kwanza likakata kona, pua tatu zikielekea kwa watu.

Kushoto, kichwa cha Président, kimetulia, na tai shingoni. Katikati, tumbo la samaki, magamba yanang'aa. Kuume, miguu ya korongo, myembamba, imenyooshwa nyuma kama vijiti vya kufumia.

Na mistari ilikutana. Hilo ndilo lililokuwa baya. Ingekuwa kazi ya fundi wa ovyo, mtu angesema mbao zimechanganyika, basi. Lakini mgongo ulitoka shingoni mwa Président ukaingia kwenye samaki ukaishia kwenye korongo bila mkwaruzo, kama Mungu mwenyewe alikaa akaamua hivyo.

Kisha sauti ikatoka, nayo haikuhitaji kipaza sauti.

"Yewe! Président amezaa na samaki!"

Nani mwingine, kama si Mukakalisa? Watu walianguka. Kundi la pili likatokea: kichwa cha korongo na taji lake, tumbo la Président lenye kostime na kile kifungo, mkia wa samaki. La tatu: samaki mwenye mdomo wazi, mabawa ya korongo, na suruali iliyopigwa pasi yenye viatu vyeusi. Hata kwenye hema la viongozi, watu wenye vyeo walikuwa wanatazama chini, mabega yakitetemeka.

Kamikazi alitamani mchanga ufunguke. Mchanga wa Gisenyi haujawahi kumfungukia mtu.

Président alimfikia kwanza, jasho likimtiririka, tai ileile ya kwenye ubao ikiwa shingoni. Connie alimfikia sekunde hiyohiyo kutoka upande wa pili, miwani juu ya kichwa.

"Wewe! Niambie mbele ya watu," Président alisema. "Hii ni makusudi ama ni kosa? Kama ni makusudi, leo tunaenda kwa ofisi ya secteur, unaandikishwa!"

"Hapana, subiri, subiri," Connie akadakia. "Hii ulipanga wewe? Kwa sababu kama ulipanga, ni ajabu! Kiongozi, samaki, ndege, wote mwili mmoja. Inasema kitu juu ya mwanadamu na mazingira yake. Niambie ulipanga."

Basi ndiyo hiyo. Akisema makusudi, kiti cha Kigali ni chake, na kesi ya kumtukana Président ni yake pia. Akisema kosa, Président anapoa, na kiti kinakwenda kwa mtu mwingine. Watu walishawazunguka. Gisenyi haina mazungumzo ya watu watatu.

"Sema ni kosa, mwanangu," mzee Ildephonse alinong'ona. "Jumatatu iko."

"Sema ni makusudi!" Mukakalisa alipiga kelele. "Tucheke vizuri!"

Mkono wa Kamikazi ulikuwa umeingia ndani ya mkoba, umeishika ile karatasi. Ilikuwapo njia ya tatu, tamu kuliko zote: kuikunjua hadharani, sahihi na kashe, watu wasome wenyewe ni nani aliyepanga mitumbwi bila kuijua mitumbwi. Président aliuona ule mkono. Rangi yake ikabadilika.

Kamikazi akautoa mkono mtupu.

"Ni kosa," alisema. "Nilichora mitumbwi bila kwenda kuuliza wanaoipanda. Ni kosa langu."

Président alikaza fundo la tai. "Bon," alisema, taratibu kabisa. "Kukosea ni ya mutu." Akarudi kwenye kiti chake, shingo imepungua.

Connie naye uso ulimshuka kama mtu aliyefungua zawadi akakuta boksi tupu. Mazingira yalikuwa yameisha. Mwanadamu pia.

"Oh," alisema. "Mimi nilidhani kuna mtu amefikiria. Pole, dada. Kazi ya kubahatisha siwezi kuipa kiti." Akashusha miwani, akaanza kuwatafuta walioegesha gari lake.

Kamikazi alibaki pale na watu wanaompigapiga bega, wengine kwa huruma, wengine wakiomba awachore na wao na mkia. Hakuwasikiliza. Kama mambo yameharibika, angalau ajue yameharibikaje. Akashuka hadi majini kumtafuta Mbarushimana, mkuu wa wavuvi, mwanaume mrefu mwenye mikono kama makasia, aliyekuwa amelowa hadi kiunoni akifungua kamba.

"Kaka Mbarushimana, kwa nini hamkufunga kwa namba?"

"Namba ni ya bureau, ya watu wa makaratasi," alijibu bila kugeuka. "Mutumbwi haifungi ndoa, dada. Kushoto inabaki kushoto, katikati inabaki katikati, kuume ni kuume, juu ya vile zilichongwa. Ila nani na nani, hiyo tunaona siku yenyewe. Yenye inavuja, yenye mwenyewe ameenda kwa kilio, inaachwa. Ungeniuliza, ningekuambia."

"Na sasa mnafanya nini?"

"Hii ya katikati inakunywa maji. Tunabadilisha na ya wale."

Wakabadilisha hapohapo. Mtumbwi wa katikati wa kundi la kwanza ukatolewa, wa kundi la pili ukaingizwa, kamba zikakazwa. Na kabla Kamikazi hajapanda tena ufukweni, kicheko kipya kilipasuka nyuma yake, kikubwa kuliko cha kwanza. Président sasa alikuwa na kichwa chake na tumbo lake, suti kamili, mtu wa heshima kabisa, akiishia kwenye miguu miwili ya korongo.

"Badilisha tena!" watoto walipiga kelele. "Badilisheni tena!"

Si watoto tu. Mama wa makamo waliovaa vitenge vya kanisani nao walitaka ibadilishwe tena. Mmoja wa viongozi alisimama kwenye kiti cha plastiki ili aone vizuri. Kamikazi, amelowa hadi magotini, akageuka akawatazama watu badala ya mbao zake. Hawakuwa wanaicheka picha. Picha walikwisha kuiona. Walikuwa wanasubiri itakayofuata.

Akahesabu kwa vidole. Vichwa vitatu. Matumbo matatu. Miisho mitatu. Kila kichwa na kila tumbo na kila mwisho: viumbe ishirini na saba. Amechora mbao tisa, na ziwani mnaogelea viumbe ishirini na saba, na wavuvi ndio wanaofungua kurasa.

"Mama Mukakalisa! Nipe kisu!"

"Ayiwe! Mutoto anataka kujiua juu ya samaki!"

"Nipe tu!"

Alitoa daftari lake kwenye mkoba, akachukua kurasa tatu, akazipasua kila moja vipande vitatu kwa kisu cha sambaza, akaacha mshono ushike upande mmoja. Akapiga magoti mchangani, kamba ya kupimia ikiwa akilini badala ya mkononi, mgongo urefu uleule, tumbo urefu uleule. Samaki. Korongo. Président, na kifungo. Dakika kumi, labda kumi na mbili. Mukakalisa alisimama juu yake kumzuia jua, akiwatangazia watu kinachoendelea, na pale alipokuwa hajui aliongeza vyake.

Gari la Connie lilikuwa limeshawashwa. Kamikazi akagonga kioo.

"Dada Connie. Kule ni kosa, nimesema na sirudi nyuma. Lakini hiki kijitabu si kosa. Hiki nimekifikiria sasa hivi."

Connie akakipokea kwa ncha za vidole, maana kilikuwa na magamba. Akafunua kipande cha juu. Akafunua cha katikati. Akarudisha. Akafunua cha mwisho. Kwanza alitabasamu kwa adabu, halafu adabu ikamponyoka, akacheka kwa sauti ya Kampala, kichwa kikigonga kiti.

"Vitabu vya kukatwa hivi viko," alisema akijifuta macho. "Vya Ulaya, na wanyama wa Ulaya. Lakini huyu wa suti! Huyu ni mnyama gani?"

"Anapatikana hapa kwetu tu."

"Sikiliza. Niletee yote. Michoro kumi, si mitatu. Rangi. Jumatatu saa nne, Kigali. Kama hujafika, nimesahau."

Jumatatu. Mzee Ildephonse alikuwa amesimama nyuma ya binti yake, amesikia kila neno, koti mkononi.

Jumapili hiyo Kamikazi hakwenda misa ya kwanza, alichora. Alikwenda ya pili, na hakwenda kwa ajili ya Mungu peke yake. Alimvizia Président mlangoni pa kanisa, akamweleza habari ya kitabu na kuomba ruhusa ya kuutumia uso wake.

"Kichwa yangu, bon," Président alisema. "Hiyo ni heshima. Lakini miguu ya korongo? Watu watasema niko na njaa."

"Iko pia yenye miguu yako, Président. Mtoto akifunua vizuri anaipata."

"Na asipofunua vizuri?"

"Anacheka, anajaribu tena."

Président aliangalia huku na huku, akasogea karibu, sauti ikashuka. "Na ile karatasi?"

"Karatasi gani?" Kamikazi aliuliza.

Président akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, kwa kuwa alitembea na kashe yake hata kanisani, akaipulizia pumzi na kuigonga kwenye karatasi ya ruhusa aliyokuja nayo Kamikazi, kwa nguvu, mara mbili.

Usiku huo mzee Ildephonse alipiga simu. Miaka thelathini na tisa ya utumishi, mzee hakuwahi kudanganya ofisi, na ilionekana, maana alidanganya vibaya. "Mutoto iko na homa," alimwambia rafiki yake. "Ndiyo. Homa ya... ya muda mrefu. Hapana, haitaisha Jumanne. Mi naona unaweza kupatia mutu mwingine ile kiti." Akakata simu, akatazama kurasa zilizotapakaa sebuleni. Mwishowe akaokota kipande kimoja.

"Huyu mutu ya miwani, mwenye anaishia kwa mbuzi," alisema. "Iko kama mimi."

"Ni wewe, Papa."

"Hm." Akakirudisha mahali pake, taratibu. "Mbuzi iko muzuri."

Jumatatu basi la kwanza lilimpeleka Kigali na bahasha magotini. Connie alifunua, akacheka, akaita watu wa ofisi, nao wakafunua, wakacheka, na kufikia saa sita Kamikazi alikuwa na meza, kiti na miezi mitatu ya majaribio. Kashe hawakumpa. Mzee Ildephonse hilo hakulisikia. Mlangoni pa kanisa aliwaeleza watu kwamba ni yeye aliyemshauri binti yake tangu mwanzo asome uuguzi, apokee wageni, akae sokoni, ili ajue viungo vyote vya binadamu. Mukakalisa kwa upande wake aliwauzia wateja sambaza zilizokatwa kwa kisu kilichotengeneza kitabu, na waliotaka kukiona walitakiwa kununua kwanza.

Na sanaa yenyewe? Wiki ya kwanza Connie alimrudishia ukurasa wa Président: tumbo ni kubwa mno, litawaogopesha wazazi. Akalipunguza. Akarudishiwa: sasa halichekeshi. Akaliongeza. Mtu wa mitambo ya uchapaji akasema mstari wa chini unapishana na mbuzi kwa unywele mmoja. Kamikazi akafuta, akapima, akachora tumbo la Bizumuremyi kwa mara ya nne, saa tatu asubuhi, mbele ya dirisha lisilotazama ziwa wala mtu yeyote anayemjua. Kifungo cha tatu alikiacha. Walipomwambia akiondoe, alisema hapana.